Wiki ya Kaimu Amidi

Jumatatu
Muda wa Amidi wa Shule Kuu ya Elimu uliisha Ijumaa, na kiti ki wazi. Kikao cha wahadhiri hakikufanyika, kwa kuwa mwenye mamlaka ya kukiitisha ni Amidi. Tumekunywa chai tukatawanyika. Barua za wanafunzi wa mazoezi ya kufundisha zimebaki kwa katibu muhtasi bila saini.

Jumanne
Tumetangaziwa kaimu: profesa wa elimu ya hisabati, mchapakazi. Nimefurahi. Barua ya uteuzi imetaja tarehe ya kuanza, haikutaja mamlaka ya kusaini. Uhasibu hawaitambui saini yake mpaka ijazwe fomu nyingine, na fomu hiyo huidhinishwa na Amidi.

Jioni maji yamekatika Isipingo, mtaani kwangu. Nimechota kwa jirani, mwalimu mstaafu aliyesomea Springfield, chuo cha ualimu cha Wahindi enzi za ubaguzi. Anavikumbuka vyuo vya ualimu vilipokuwa zaidi ya mia moja hapa Afrika Kusini, kabla ya vilivyosalia kuingizwa katika vyuo vikuu mwaka 2001. Mkuu wa chuo chao, anasema, alikuwa hapo hapo. Ukitaka saini unabisha hodi. Mimi siutamani mfumo uliogawa walimu kwa rangi ya ngozi. Ila kwa hilo la saini nakubaliana naye.

Jumatano
Muhuri umo kabatini. Ufunguo hauonekani.

Alhamisi
Amekuja binti wa mwaka wa tatu kutoka Umlazi, jirani na Isipingo. Shule aliyopangiwa imemrudisha getini. Barua ameikunja mara nne, jasho la kiganja limelainisha mikunjo, na mstari wa saini ni mtupu. Viatu vyake ni vipya. Nauli ya teksi amelipa kwenda na kurudi. "Daktari, siku ya leo itahesabiwa?" Nimemwambia nitaandika ihesabiwe, na nimeandika mbele yake.

Hili limeniuma. Nyumbani Tanzania kanuni za utumishi wa umma zimeweka ukomo wa miezi 6 wa kukaimu, na ni jambo jema. Ila madhara hayasubiri miezi. Yanaanza siku ya kwanza, mtu anapopewa cheo bila nyenzo zake, na anayeumia ni mwanafunzi.

Ijumaa
Ndani ya teksi, daladala ya huku, kutoka Isipingo Rail nauli zimepitishwa mkono kwa mkono hadi mbele. Chenji yangu imeishia kiti cha kati.

Ufunguo umepatikana. Kaimu amesaini barua zote akiwa amesimama kwenye meza ya katibu muhtasi, maana ofisi ya Amidi inapakwa rangi. Nimemkabidhi pendekezo langu: barua ya uteuzi, mamlaka ya saini, muhuri na ufunguo vitolewe pamoja, siku moja. Amelisoma lote, akaongeza kwa mkono wake orodha ya shule za mazoezi.

Barua ya binti wa Umlazi nimeichukua mimi. Kesho asubuhi nampelekea kwao.