Itaingia Tu

Hapa Illasit spea ya gari haiuzwi kwa namba, inauzwa kwa imani. Unataja Probox, muuzaji anapapasa rafu ya juu, anashuka na kiboksi chenye vumbi na kukuambia, "Itaingia tu, mzee." Hajauliza mwaka wala injini. Ukithubutu kumsomea namba, anakutazama kama umetumwa na kaunti kukagua leseni yake.

Na namba ipo! Watu wa Toyota walikaa chini wakaipanga vizuri, tarakimu kumi. Tano za kwanza zinataja kitu chenyewe: 04465 ni brek pedi za mbele, 04466 za nyuma, 17801 ni ea klina. Tano zinazofuata zinasema kitu hicho ni cha gari gani au injini gani. Ukiona 17801 halafu tano za pili zinaanza na 21, hiyo ni ea klina ya injini za NZ, hizi hizi tunazozitesa kwenye Probox. Kitu chenye rangi, kama kishikio cha mlango, huongezewa alama mbili mwishoni za kutaja rangi yake. Nissan nao hawako mbali: 15208 ni oil filta. Mtoto wa shule angeyakariri haya yote kabla chai haijapoa.

Sasa shoki yangu ya mbele kulia ikaanza kuvuja. Kreti za nyanya na barabara za mashambani zilikuwa zimeimaliza. Nikampigia simu muuzaji mmoja Nairobi, nikamsomea chesisi, NCP51, nikamsomea na namba ya shoki taratibu: 48510. "Nimeandika, boss." Mzigo ukaja na matatu. Kwenye boksi: 48520. Hiyo ni ya kushoto.

Nikampigia tena. Akaniuliza kulia ni kulia kwa nani, kwa aliyesimama mbele ya gari au aliyeketi ndani? Nikamweleza kwamba kulia ni kwa aliyeketi ndani akitazama mbele, yaani huku kwetu ni upande wa dereva, na kwamba ile namba iliwekwa ili tusifanye mjadala huu. "Boss," akasema, "shoki ni shoki."

Shoki si shoki. Kishikizo cha paipu ya breki kimechomelewa upande wake. Fundi wangu alikiona, akachukua nyundo. "Tuigonge kidogo, itakubali." Mafundi wa huku wanaamini chuma kina moyo, kikibembelezwa kinalegea. Nilimnyang'anya nyundo.

Afadhali huyo kuliko anayejua nusu. Kiwanda kikiboresha kitu, namba ya zamani hustaafishwa na mpya kushika nafasi yake. Aghalabu zinazobadilika ni zile za mwisho. Basi inakuja spea halali kabisa, yenye namba mpya, na mtu yule yule ambaye maisha yake yote hajasoma kiboksi anageuka wakili. "Hii siyo. Tazama, ulisema mbili, hapa pana nne." Siku hiyo ndiyo anajua kusoma!

Basi, kutafuta shoki ya kulia, nikavuka mpaka hadi Tarakea. Kule shoki inaitwa shokapu, na bei inatajwa kwa shilingi za Tanzania, sifuri zimejaa hadi unahisi unanunua gari zima. Lakini 48510 ni 48510 pande zote mbili. Muuzaji akanitolea boksi, nikavaa miwani. Tarakimu zote kumi zilikuwa sawa, tano za mbele na tano za nyuma, hata kistari cha katikati kipo. Tatizo lilikuwa neno la Kiingereza la kuthibitisha kwamba mali ni halisi: lilikosa herufi ya mwisho.

Feki tupu. Yaani katika safari yote hiyo ya simu, matatu na mpaka, mtu pekee aliyeinakili namba yangu bila kukosea ni mwizi. Na bei yake ilikuwa nusu. Kwa umakini ule, nilikaribia kumlipa.