Maandishi Yamepita, Mjomba

Hebu niambie jirani, mashine ikiwa na jambo la maana la kukueleza, mbona isikusubiri umalize kusoma? Ofisini tuna ile kompyuta ya Linux isiyo na mausi, isiyo na madirisha, kioo cheusi tupu. Nikaambiwa nifanye bakapu ya mafaili. Kwa nini mimi? Kiti changu ndicho kiko karibu nayo.

Nikaandika amri, nikabonyeza Enter. Weee! Maandishi yakatoka mbio kama watu walioona kadi ya mchango wa harusi. Kioo kinabeba mistari 25, mafaili ni maelfu. Katikati ya vurugu nikaona kitu kinaanza na "cannot". Nikakikodolea macho. Kikaenda zake.

Nirudi juu nikisome? Kwa kipi! Mshale wa juu unaniletea amri zangu za zamani, za aibu tupu. Nikampigia dogo wa IT.

"Shikamoo mjomba. Shikilia Shift, bonyeza PageUp."

Nikashikilia. Nikabonyeza. Kimya. Nikatwanga hadi mhasibu akatoka kuangalia nani anavunja karanga.

"Aah, kumbe kerneli mpya hiyo! Hiyo njia ya kurudi juu kwa Shift walishaitoa tangu toleo la 5.9, mwaka 2020. Ilikutwa na tundu la usalama, na hakukuwa na wa kuitunza, wakaifuta."

Yaani kitufe ndiyo kwanza natambulishwa, kumbe marehemu.

"Rudia amri, mwishoni weka ule mstari wa wima halafu less." Huo mstari nimeusaka kwenye kibodi hadi macho yakatoa machozi. Nikaupata. Raha! Spesi nashuka, b napanda, nasoma kama bosi. Faili hili limenakiliwa, lile limenakiliwa. Lile kosa? Halimo!

"Makosa yana njia yake, mjomba, hayapiti humo. Kabla ya ule mstari andika mbili, kubwa kuliko, alama ya na, moja."

Nikaandika "mbili". Kwa herufi. Mashine ikanijibu kwamba mbili si folda. Kama vile mimi nilisema ni folda! Dogo akacheka mpaka akakohoa, kisha akanitumia kwa meseji: 2>&1. Sasa hayo ni maandishi au mtu kakalia simu?

Nikayanakili alama kwa alama, na kosa likaja limetulia palepale. Permission denied. Kutwa nzima namkimbiza mtu, kumbe anataka kuniambia sina ruhusa.

Basi nitoke nikale. Chini ya kioo pameandikwa END. Kama ni mwisho, si uniachie? Nabonyeza Enter, inalia. Esc, wapi. Naandika exit, inanitazama. Ctrl na C, bado imo. Dogo namba yake haipatikani. Bosi naye kapita mara ya pili, kaniona nimekodolea kioo, kasema leo nimeonyesha bidii.