Dada wa Steshenari Asijue Paswedi Yako: Mwongozo kwa Wenye Haraka

Nenda steshenari yoyote ya mjini siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi, usimame kidogo kwenye foleni. "Dada, niprintie CV, iko kwenye imeili." "Nipe paswedi, kaka." Na kaka anaitaja kwa sauti: jina la mtoto, herufi ya kwanza kubwa, halafu mwaka wa kuzaliwa. Mama aliye nyuma yake na bahasha ya vyeti anaweza kuirudia bila kukosea.

Basi hatua ya kwanza haihitaji utaalamu: funga mdomo. Mwombe dada akupishe, uandike mwenyewe. Afadhali zaidi, usifungue imeili pale kabisa. Ifungue kwenye simu yako, uitume hati hiyo moja kwa anwani ya duka. Duka litapata CV, halitapata barua za benki wala majibu ya vipimo vya hospitali. Na kuna kubwa zaidi. Aliyeingia kwenye imeili yako anaweza kubofya "umesahau nenosiri?" kwenye akaunti zako nyingine, na kiungo cha kuweka jipya kikamfikia yeye.

Ikibidi kutumia kompyuta ya watu, fungua dirisha la hali fiche. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, kikatalie. Ukimaliza, ondoka kwenye akaunti kwanza, ndipo ufunge madirisha yote. Ukifunga dirisha la kawaida bila kuondoka, atakayefuata akifungua Gmail atakuta barua zako zinamsubiri.

Halafu kuna folda ya vipakuliwa, ambayo wengi huisahau. Hali fiche haifuti faili ulizopakua. Kwenye kompyuta za madukani folda hiyo hujaa vyeti vya kidato cha nne, nakala za vitambulisho vya NIDA, mikataba ya pango, vyote vya watu waliokwisha kwenda zao. Cha kwako kifute, na kwenye pipa la taka ukifute tena.

Umeshatoka na moyo unakudunda? Kwenye simu, ingia mipangilio ya akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, uangalie orodha ya vifaa. Kompyuta ya duka utaikuta humo. Iondoe ukiwa ndani ya daladala. Kisha badili nenosiri na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, ili aliyelisikia asifike mbali bila simu yako.

Ofisini kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu mwenye kompyuta yupo na anaweza kuikagua. Hali fiche haimzuii mwajiri kuona. Mtandao wa ofisi unaweza kuonyesha tovuti unazotembelea, na watu wa Tehama wanaweza kuweka programu inayonasa kila unachoandika. Mwanamke mmoja wa New Jersey, Marekani, alimwandikia wakili wake kuhusu kumshtaki mwajiri. Alitumia Yahoo yake binafsi yenye nenosiri, ila kompyuta ilikuwa ya kampuni. Alipoacha kazi aliirudisha. Kumbe kivinjari kilikuwa kimejiwekea nakala za kurasa zile, na mawakili wa kampuni wakazisoma. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilimpa haki yeye. Nafurahi kwamba alishinda, lakini barua zilikuwa zimeshasomwa.

Kwetu pia sheria ipo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Muulize mwajiri wako waziwazi anakagua nini na kwa nini. Hilo si utovu wa nidhamu. Lakini wakati unasubiri jibu, mambo ya daktari, ya wakili, ya mchumba na ya kazi mpya unayoitafuta yaende kwa simu yako, kwa bando lako.

Na wiki ya kukabidhi kompyuta ikifika, usingoje saa ya mwisho ukiwa katikati ya keki ya kuagwa. Ondoka kwenye kila akaunti yako binafsi, futa manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, futa historia pamoja na nakala za kurasa. Faili za kazi usiziguse. Hizo ni za ofisi.