Vya Kale ni Dhahabu? Njoo Uisukume

Aliyesema vya kale ni dhahabu hakuwahi kumiliki pikipiki ya BSA Bantam. Dhahabu haivujishi oili kwenye sakafu ya sebule. Dhahabu ukiichoka, sonara anainunua siku hiyo hiyo na soda anakuagizia. Bantam ukitangaza kuiuza, wa kwanza kubisha hodi ni kijana wa vyuma chakavu na mizani yake begani, na hata yeye anauliza kama matairi yatatolewa kabla ya kupima.

Yangu ni ile D1, CC 125, gia tatu, ya kuachiwa na baba mdogo, bwana shamba mstaafu aliyezunguka nayo mashamba ya pamba Kilosa. Ukoo ulipokaa kugawana mali, wengine walipewa ng'ombe. Mimi, kwa kosa la kusomea ufundi, niliambiwa, "Hii wewe ndiye utakayeiweza." Ng'ombe wale wameshazaa. Bantam haijanizalia kitu zaidi ya moshi.

Na wala sina ugomvi na pikipiki yenyewe. Ugomvi wangu ni na watu wanaoisifu. Siwezi kuiegesha pale stendi ya Msamvu bila mzee mmoja kujitokeza, kupapasa tenki, kutikisa kichwa na kutoa hukumu: "Hiki ndicho chuma, bwana. Siku hizi wanatengeneza karatasi." Kisha anapanda basi lake kwenda zake, mimi naachwa na hicho chuma, tunatafuta cheche.

Wazee wangu, shikamooni. Tukae tuzungumze. Uimara upi?

Tuanze na taa. Ya kwangu haiitegemei betri, inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini. Injini ikizunguka kwa kasi, inawaka vizuri. Ukipunguza mwendo, nayo inafifia. Maana yake ni kwamba kwenye lami iliyonyooka, ambako huna shida ya kuona, unamulika mpaka kijiji cha pili. Ukikaribia shimo ukaachia mafuta, giza. Ukitaka kuliona shimo vizuri, sharti uliingie kwa kasi.

Haya, spana. Fundi wangu wa mtaani ni kijana hodari, anashusha injini ya pikipiki ya Boxer huku anatafuna muhogo. Alikuja na spana zake namba 8, 10 na 12. Hakuna hata moja iliyokaa kwenye nati. Waingereza wa wakati ule walikuwa bado kwenye vipimo alivyovianzisha Joseph Whitworth mwaka 1841, na kwenye vipimo hivyo namba iliyoandikwa kwenye spana haihusu mdomo wa spana, inahusu unene wa boli. Spana ya robo inchi mdomo wake unakaribia nusu inchi. Nilimweleza fundi jambo hili taratibu, hatua kwa hatua. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekuja kutoa pole msibani, akasema, "Bosi, tupige tindo tu."

Spana zenyewe nililetewa na mpwa wangu anayeishi Leicester. Wajomba wengine, wapwa zao wakija likizo, hupokea mashati na manukato. Wangu alishuka na sanduku la vyuma ambalo uwanja wa ndege lilifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena mkubwa wa pale alipoitwa kuja kushangaa. Kijana alitoka pale anatokwa jasho. Tangu hapo akipiga simu anaanza na kuuliza, "Mjomba, lakini huhitaji kitu, eti?"

Kwenye kituo cha mafuta nako ni kesi. Injini hii haina oili yake peke yake, unaichanganya kwenye petroli humo humo kwenye tenki. Nikichomoa tu kikopo changu cha oili, mhudumu anapiga ukunga: "Mzee! Mzee! Hapo pa petroli!" Foleni nzima inageuka. Mara anatokea mjuaji mmoja, anamtuliza: "Mwache dada, hiyo ni ile ya kuchanganya, kama ya chenso." Nami nimevaa koti, natoka kikaoni.

Siku moja kijana wa kijiweni akaniomba azunguke nayo kidogo tu, uncle. Nikamwambia, mwanangu, hapa gia iko mguu wa kulia, breki mguu wa kushoto. Akaitikia, "Nimekupata." Kwenye kona ya genge akakanyaga breki ya kulia kwa nguvu zake zote, ikaitika gia, akaingia kwenye nyanya. Nyanya nililipa mimi. Na mama mwenye genge, badala ya kunipa pole, akaizunguka pikipiki akisema, "Lakini baba, chuma hiki! Hata mchubuko haina."

Mnaona ninavyoteseka?

Halafu tusidanganyane kuhusu ukoo wake. BSA ilianza mwaka 1861 kule Birmingham ikitengeneza bunduki, ndiyo maana nembo yake ina bunduki tatu zimeegemeana. Bantam iliyotoka mwaka 1948 hata mchoro wake haukuwa wao. Ulikuwa wa DKW RT 125 ya Wajerumani, uliochukuliwa kama fidia ya vita. Warusi waliinakili nao, Harley-Davidson nao, na Yamaha walipotoa pikipiki yao ya kwanza mwaka 1955 walianzia hapo hapo. Na huko Uingereza kazi yake ilikuwa nini? Vijana wa posta walipelekea telegramu, na vibarua walienda nayo kiwandani. Ilikuwa bodaboda ya wakati wake, pikipiki ya bei ya chini kwa mtu mwenye haraka.

Waliozitengeneza hawakuwa na habari ya kudumu. Nyingi zimekufa zamani, hakuna anayezipigia hesabu. Hii imebaki kwa sababu baba mdogo alikuwa mbishi, na mimi ni mbishi. Nimebadilisha spoku, koili, nyaya, ringi za pistoni. Silinda nimepeleka ikachongwa. Cha tangu enzi hizo kilichosalia ni fremu, tenki na sifa. Uimara mnaousifu unatoka mfukoni mwangu.

Vijana wa kijiweni wananicheka. Chekeni, wanangu. Hizo Boxer mnazozibebesha magunia na mbuzi, zitakazopona zitaangukia mikononi mwa wajukuu zenu, nao watauziwa kabureta kwa bei ya kiwanja, huku wazee wa wakati huo wakiwaambia siku hizi hawatengenezi hivi.

Kwa hiyo nimepitisha sheria. Kuanzia sasa sifa zina ada. Atakayesema "hiki ndicho chuma" atanunua plagi. Atakayesema siku hizi wanatengeneza karatasi atalipia gasketi, ambayo kwenye injini hii ya chuma ni ya karatasi, na ndiyo inayovuja. Na mwenye kutaka kupiga nayo picha, karibu sana, avue koti aisukume mpaka pale mteremko unapoanzia. Picha atapiga ikiwaka.