Karatasi Hii Ina Kilo Ngapi?

Hapa Mavivi, karibu na Beni huku Kongo, karatasi ina kazi tatu zinazoeleweka: kufunga karanga, kuwasha makaa, na ikiwa na muhuri, kukupitisha kwenye kizuizi. Kazi ya nne, yaani kuitia kioo, kuitundika ukutani na kungoja ipande bei, niliileta mimi mtaani, na mpaka leo kuna mama mmoja wa kikundi cha sala ananiombea.

Nazungumzia planshi. Kabla katuni haijaingia mashineni, mchoraji huichora kwa mkono kwenye karatasi nene, mara nyingi kubwa kuliko kitabu chenyewe: penseli kwanza, kisha wino mweusi, na mkono ulipoteleza anaziba kwa rangi nyeupe. Kitabu kitachapwa nakala laki moja, planshi ni ile ile moja. Zamani ilihesabiwa kama taka za kiwandani. Marekani kampuni kubwa zilianza kuwarudishia wachoraji planshi zao miaka ya 1970. Jack Kirby, mmoja wa waliomzaa Hulk, alivutana na Marvel mpaka 1987 ndipo akapata sehemu tu ya jasho lake. Siku hizi wengi wanachora kwenye kioo cha kompyuta, kwa hiyo planshi mpya zinazidi kuadimika na za zamani zinapaa. Januari 2022 ukurasa mmoja wa Spider-Man, kazi ya Mike Zeck kwa kitabu cha mwaka 1984, uliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.36. Ukurasa mmoja! Na humo Spider-Man anavaa tu nguo mpya nyeusi, jambo ambalo vijana wa Beni hulifanya kila siku ya soko la mitumba bila kulipwa chochote.

Wala Wakongo hatukuanza jana. Tuache Hergé, aliyemchora Tintin akiwa Kongo mwaka 1930 bila yeye mwenyewe kukanyaga Kongo hata siku moja. Kinshasa ilikuwa na gazeti lake la katuni, Jeunes pour Jeunes, tangu 1968. Barly Baruti, mtoto wa Kisangani, alichora Madame Livingstone iliyotoka 2014, kuhusu vita vya Wabelgiji na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Naye Papa Mfumu'eto, mwaka 1990, aliwatikisa watu wa Kinshasa kwa kijarida cha Kilingala kuhusu chatu anayemmeza mwanamke na kutapika dola. Kiliuzwa barabarani kwa bei ya kutupa. Mwaka 2015 kazi zake zilikuwa ukutani Paris, kwa Fondation Cartier.

Sasa zunguka Beni yote, teremka hadi Butembo, ulizia kijarida kimoja cha zamani cha katuni. Hukipati. Si kwamba watu hawakusoma. Walisoma mpaka kikalainika. Kilichobaki kililiwa na mchwa, na kilichoponea mchwa kilikutana na safari zetu. Watu wa huku wamekimbia vita mara nyingi mno, na usiku wa kukimbia unabeba mtoto, godoro, sufuria, na mbuzi kama amekubali. Sijawahi kumwona aliyekimbia na katuni. Anayetaka planshi lazima aagize Kinshasa, na mzigo wa Kinshasa hauji kwa barabara, unakuja kwa ndege. Na ndege ya Beni inatua wapi? Hapa hapa Mavivi. Nikajiona nimezaliwa mahali panapofaa.

Wa kwanza kunipinga alikuwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mnunuzi wa kakao. Kwake dunia nzima inaanikwa, inapimwa, inangojewa bei. Nilimwonyesha kwenye simu planshi niliyoitaka, ya kijana mmoja wa Kinshasa, dola 80. Akaitazama sana, akauliza, "Shemeji, hii karatasi iko na kilo ngapi?"

Nikamwambia haifiki gramu mia. Akatoa kikokotoo. Ilikuwa mwishoni mwa 2024, kakao imepita dola 12,000 kwa tani huko New York, na wanunuzi wa kakao walikuwa wakitembea katikati ya barabara kama harusi. Akapiga hesabu, akarudia, akanyamaza. Karatasi ilikuwa inaishinda kakao kwa kilo zaidi ya mara sitini. Akavaa kofia akatoka bila kuaga, na siku hiyo soko la karatasi la Mavivi likaharibika.

Kabla sijafika huko, niseme kuhusu malipo. Anayeishi Kongo anajua kwamba dola yetu ni bibi arusi: isiwe na doa, isiwe na mkunjo, na ikiwa na mpasuko hata wa ukucha, inarudishwa kwao. Wakala wa kutuma pesa aliinua noti yangu ya hamsini kwenye mwanga, akaona kitu ambacho jicho langu halikuona, akanisukumia. Nikaona nimwelimishe, yeye pamoja na foleni nzima. Nikawaeleza kuhusu mchoro wa Hergé wa mwaka 1936, jalada la kitabu cha Tintin, Le Lotus bleu, lililokataliwa kwa sababu gharama za kulichapa zingekuwa kubwa. Familia iliyoliuza ilisimulia kwamba mchoraji alimpa mtoto wa mchapishaji wake, mtoto akalikunja mara kadhaa, akalitia kwenye droo. Januari 2021 likauzwa Paris kwa euro milioni 3.2, alama za mikunjo zikiwa pale pale zinaonekana. Mikunjo, ndugu zangu! Foleni ikaguna kwa heshima. Wakala akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi Mwalimu, na hii noti mpelekee huyo wa Paris."

Mwishowe pesa ilikwenda, na planshi ikafika. Rafiki yangu wa Kinshasa, kwa upendo na tahadhari, alikuwa ameikunja duara ndani ya bomba la maji, la plastiki ya kijivu, refu kama mkono, pande zote mbili limefungwa kwa utepe mweusi. Mtu mwenye akili hatembei na kitu cha umbo hilo katika jimbo linaloongozwa na wanajeshi tangu Mei 2021. Nilipoliweka begani, waendesha pikipiki ambao kila siku wanagombania abiria waligundua kwa pamoja kwamba wamechoka. Mama wa ndizi aliacha ndizi. Mwanajeshi mmoja, kijana, akaniambia kwa sauti ya mtu anayembembeleza nyuki niliweke chini, nilifungue mwenyewe, taratibu, nikiwa mbali na kila kitu.

Nikavuta. Waliojificha nyuma ya lori wakachungulia, wakaona mwanamke anakaanga samaki, na juu ya kichwa chake kiputo kilichojaa Kilingala. Mwanajeshi akakisoma, akacheka mpaka kofia ikaanguka, akawaita wenzake. Planshi ikazunguka mkono kwa mkono. Iliporudi ilikuwa na alama ya dole gumba la mafuta ya mandazi, karibu kabisa na samaki, na kusema kweli panafaa. Huko Paris wangeiandikia aya nzima kwenye katalogi.

Nyumbani nikakuta shemeji amemaliza kazi yake. Mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Mwalimu ananunua karatasi kwa bei ya mara sitini ya kakao. Muuza karanga, mama ninayemheshimu, akatenganisha bidhaa: karanga mia tano, na karatasi yake tutaelewana. Jirani akaniletea mabango ya Ebola ya mwaka 2018, yale yenye picha ya mtu ananawa mikono, akidai ni ya mkono wa mchoraji mwenyewe. Nilipomwonyesha nukta za mashine akasema nukta ndizo mbegu za ugonjwa. Watoto wakachana kurasa za vitabu vya kusomea. Na fundi wa Butembo anayechora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi alianza kutia sahihi, na chini yake kuandika "namba 1 ya 100". Ukutani! Nilimwuliza hizo nyingine 99 ziko wapi. Akasema zinategemea idadi ya vinyozi.

Fremu ilinigharimu zaidi ya mchoro, maana mbao za huku ni nzuri na fundi wake analijua hilo. Nikaitundika sebuleni, mbali na jua na mbali na pale panapovuja. Kisha nikasafiri.

Nyumba ina mama mkwe. Mama mkwe ni mweka hazina wa likelemba ya akina mama, ule mchezo ambao kwingine huitwa upatu, na daftari lake la madeni lilikuwa limejaa. Aliona karatasi nzuri, nene, isiyochanika, upande mmoja umeharibiwa na michoro lakini upande wa pili mweupe. Akaifungua fremu kwa kisu cha jikoni, akaandika. Majina, dola, tarehe, na kila mdaiwa akatia dole gumba. Akairudisha kwa ustadi, picha ikiwa mbele. Niliporudi akanieleza kwa fahari, na mkwe hamkemei mama mkwe, nikamshukuru. Tangu hapo kila anayelipa deni, mwanamke wa samaki anashushwa ukutani, anageuzwa, anaandikwa, anapandishwa.

Jina la kwanza kwenye orodha, kwa herufi kubwa, ni la mwanawe mwenyewe, shemeji yangu. Alikopa dola 240 kununua kakao bei ilipokuwa kileleni. Mwaka 2025 bei ikaporomoka, magunia yakabaki chini ya kitanda chake. Jumapili moja, akina mama wamekaa mkutanoni sebuleni kwangu, akaingia, akasalimia mmoja mmoja, akauangalia ukuta.

"Shemeji, ile picha unauza?"

Mtu aliyeniuliza kilo! Kabla sijapata cha kujibu akasema mia.

"Mia na hamsini," akasema katibu wa likelemba bila kuinua macho kwenye chai. "Kikundi kinanunua."

"Mia na themanini."

"Mia mbili."

Jasho likamtoka shemeji. Katika nusu saa planshi yangu ilikuwa imepanda bei kuliko mategemeo yangu ya maisha yote, na fremu ilikuwa imegeuzwa, samaki na mkaangaji wake wameelekea ukutani.

"Mia mbili na thelathini," akasema, kwa shida.

Kikundi kikanong'onezana. Mama mkwe akavua miwani, akanigeukia kwa upole. "Mkwe wangu," akasema, "na ile ya Paris, nyuma yake kulikuwa na madeni ya nani?"