Shangazi wa Sisibo: Majibu kwa Walio Ng'ambo na Waliowalipia Nauli

Barua za mwezi huu zimemiminika kutoka Ufini, na chache zimetoka hapa hapa mjini. Anayeuliza Shangazi alifika Ufini lini ajue kwamba hajafika. Safari yake ya kwenda ng'ambo iliishia Malaba, akanunua kitenge akarudi. Lakini ameketi katika kamati za harambee tangu Eldoret, Sisibo yetu hii, ikiwa manispaa hadi ilipopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na aliyechanga ana haki ya kutoa maoni.

Vipi Shangazi? Nilifuzu Chuo Kikuu cha Moi mwaka juzi, sasa nafanya uzamili Tampere. Juzi niliingia basi nikamwona mama mmoja ameketi peke yake. Viti vilikuwa tele, lakini nikaketi kando yake asije akadhani nina maringo. Nikamwamkua, nikamuuliza watoto wanaendeleaje. Akashuka kituo kilichofuata, na kupitia dirishani nikamwona akingoja basi la nyuma yetu. Nilimkosea nini?
*Jirani Mwema, Tampere*

Jirani Mwema, ulimkosea nafasi yake. Wewe ulilelewa na matatu za Langas, ambamo kiti cha watatu hubeba wanne, na kabla hamjafika mjini kondakta ameshakupakatisha mtoto wa mtu usiyemjua. Huko uliko, kumwachia mtu kiti kitupu ndiyo heshima, na kumwacha anyamaze ni heshima kubwa zaidi. Wafini wenyewe hujitania kwamba wakati wa korona, walipoambiwa wakae mita 2 mbalimbali, walilalamika kuwa wanasogezwa karibu mno.

Usikate tamaa. Keti dirishani, pakata begi lako, tazama theluji. Salamu ziwekee watu wa jengo lenu, tena ziwe fupi, zisifike kwenye hali ya mifugo. Mfini huchelewa kumzoea mtu, lakini akishakuzoea, siku ya kuhama atakuja na gari lake na kukubebea meza hadi ghorofani bila kusema neno. Hapa kwetu wangekuja ishirini, wote wakisimamia.

Shangazi, msimamizi wa tasnifu yangu amenialika sauna pamoja na wanafunzi wenzangu wa kiume. Naambiwa watu huingia uchi. Mimi ni mtu wa Moiben, sijawahi kuona hata magoti ya baba. Nikikataa, atanichelewesha kuhitimu?
*Mwenye Aibu, Jyväskylä*

Mwenye Aibu, umekaribishwa kwa heshima, na tasnifu haimo katika mambo hayo. Nchi ya watu milioni 5.6 yenye sauna zinazokadiriwa kufika milioni 3 haikukualika ili ikuchungulie. Bunge lao lina sauna. Ile ya Rajaportti, huko Tampere, inapokea watu tangu 1906. Mwaka 1960 Rais Urho Kekkonen alimwingiza saunani Nikita Khrushchev, mkubwa wa Usovieti, na mwaka 2020 UNESCO ikaitia desturi hiyo katika orodha ya turathi za binadamu. Kama Khrushchev alivua, mwana wa Moiben ni nani?

Utaratibu ndio huu. Unaoga kwanza. Taulo unaweza kujifunga, ukiuliza mwenyeji hatakunyima. Keti ubao wa chini, kwa sababu joto hupanda na wenye sifa hukaa juu. Maji yakimwagwa kwenye mawe, inamisha kichwa, uvute pumzi polepole. Ukizidiwa, toka, hakuna anayehesabu. Wakienda kutumbukia ziwani kupitia tundu la barafu, wewe washikie nguo.

Tena usijifanye mgeni kabisa wa mambo haya. Wanaume wa Kikalenjin walioingia menjo, yaani jandoni, pamoja huitana bakule mpaka uzeeni, na hawakuunganishwa na suti. Mengine ya humo Shangazi hayajui, wala hataki kuyajua.

Shangazi, mimi ni mkulima wa mahindi. Niliuza ng'ombe wawili wa gredi, nikakodisha shamba, majirani wakachanga, kijana akaenda Ufini kusomea uuguzi. Amehitimu. Nilitarajia mabati mapya kufikia Krismasi. Badala yake mwana wa jirani anasema alimwona akisafisha ofisi usiku. Je, nilisomesha mfagiaji?
*Baba Mwenye Deni, Ziwa*

Mzee, pole na pongezi, na pongezi zitangulie. Unaijua hadithi ya kaunti yetu. Mwaka 2021 ulianzishwa mpango wa kupeleka vijana Ufini na Canada, karo ikawa inapitia akaunti ya mfuko wa kaunti. Wazazi wakalipa, vyuo vya huko vikasema havijaona pesa, vijana wakatishiwa kufukuzwa. Mwaka 2023 wazazi waliandamana hapa mjini, na Agosti mwaka huo aliyekuwa gavana pamoja na maafisa wengine wakafikishwa kortini Nakuru, wakakana mashtaka. Wapo waliouza shamba na mtoto hakupanda hata ndege. Wako amepanda, amesoma, amehitimu. Hilo peke yake linatosha kuchinjiwa mbuzi.

Sasa tupige hesabu ya mkulima. Ili mwanafunzi apewe kibali cha kukaa Ufini, siku hizi hutakiwa kuonyesha kwamba ana yuro 800 za matumizi kwa kila mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka. Hizo zinapita shilingi milioni 1.2. Ukiuza gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,500, unazungumzia magunia zaidi ya 340. Ukivuna magunia 20 kwa ekari, hayo ni mazao ya ekari 17, na hujalipia mbolea, trekta wala wavunaji. Hiyo ni bei ya chumba, chakula na basi, kabla ya karo na kabla ya mabati.

Alipokuwa akisoma, sheria ilimruhusu kufanya kazi wastani wa saa 30 kwa wiki, na kazi zinazompokea asiyeongea Kifini sawasawa ni za kusafisha, kuosha vyombo na kusambaza magazeti alfajiri. Sasa amehitimu, anaweza kupewa kibali cha hadi miaka 2 cha kutafuta kazi. Lakini uuguzi wenyewe unataka leseni, na unataka lugha. Ajuza wa miaka 85 akikueleza usiku wa manane mahali anapoumwa, huwezi kumjibu kwa Kiingereza cha KCSE. Kwa hiyo anafagia usiku, mchana anajifunza Kifini. Huyo ni muuguzi anayelipia njia ya kuingia wodini.

Ngoja nikwambie kinachomsumbua, kwa kuwa yeye hatakwambia. Tukichangia nauli ya mtu, tunadhani tumenunua hisa. Watu mia walilipia ile tiketi, na kila mmoja anamkumbuka mwisho wa mwezi. Ile baridi, ile kodi ya nyumba na ule upweke hakuna aliyeomba kugawiwa. Kijana wako hasemi ukweli kwenye simu kwa sababu kila akipiga, swali la pili ni la mabati, na la kwanza lilikuwa la kuliandalia njia. Mpigie wewe, kwa pesa yako ya simu. Muulize amekula nini. Mwambie unajua anafagia, na kwamba wewe pia ulianza kwa kulima shamba la mtu. Paa usilitaje mpaka msimu ujao. Na wale majirani waliochanga, waite umalize mambo nao wewe mwenyewe, usimtwike mtoto.

Shangazi, mimi ni mhasibu, mzaliwa wa Langas, na nina kitambi. Nikisema natoka Eldoret, Wafini hunitazama miguu. Klabu ya mtaani imeniandikisha nusu marathoni bila kuniuliza. Niwaambieje?
*Mzito, Turku*

Mzito, umeangukia mji mbaya. Turku ndiko alikozaliwa Paavo Nurmi, aliyetwaa dhahabu 9 za Olimpiki kati ya 1920 na 1928, Kipchoge Keino akiwa hata hajazaliwa. Mfini mwingine, Lasse Virén, alianguka katikati ya mbio za mita 10,000 huko Munich mwaka 1972, akainuka, akashinda kwa rekodi ya dunia. Hao ni watu waliokuwa na mali hiyo, ikahamia kwetu, na sasa wanakuona wewe ndiye uliyeondoka nayo.

Waambie wewe ni wa mkuki. Mkuki wanaupenda mno, na ushahidi unao. Julius Yego wa Nandi alijifunza kurusha kwa kutazama video za YouTube, akaenda kunolewa Kuortane, huko huko Ufini, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia jijini Beijing kwa mita 92.72. Wakikuletea mkuki, sema bega linauma. Mbio zina saa ya kuzipima, bega halina.

Shangazi, mimi ni daktari mpya kutoka Indiana, nimekuja kwa mafunzo katika Hospitali ya Rufaa ya Moi. Nikitoka Kapsoya kwenda kazini nachelewa kwa sababu watu yote wananisalimia. Mama wa mboga amenipa jina la Chebet na anataka kujua kwa nini sijaolewa. Nikaalikwa kunywa chai, nikaletewa ugali. Nifanye nini?
*Chebet wa Kapsoya*

(Makosa ya ngeli tumeyasahihisha, moja tumeliacha liwe pambo.)

Chebet, karibu. Watu wa Chuo Kikuu cha Indiana wamekuwa wakija kushirikiana na Chuo Kikuu cha Moi tangu 1989, kwa hiyo wewe si daktari wa kwanza kuchelewa kwa ajili ya salamu. Toka mapema kidogo. Salamu za hapa zina vituo, na ukiruka kimoja utaulizwa kesho kama ulikuwa mgonjwa. Chai ya hapa ni jina la mwaliko, chakula ni chakula. Ukimaliza, acha tonge moja kwenye sahani, la sivyo utaongezwa.

Mama wa mboga anakujali tu, hakuchunguzi. Usimwambie bado unatafuta, kwa maana kufikia jioni atakuwa ameshakupatia, na ana wapwa. Na soma barua ya kwanza hapo juu. Kinachokuchosha wewe ndicho kinachomkondesha Jirani Mwema kule Tampere. Shangazi angekuwa na ndege, angewabadilisha kwa wiki moja.

Shangazi, nimerudi Eldoret kutoka Ufini baada ya uzamili. Jamaa walinilaki uwanja wa ndege na maziwa ya mursik kwenye kibuyu cha sotet, kama niliyeshinda marathoni. Kabla ya kunywa nikauliza yaligandishwa lini. Mama hajanisemesha tangu siku hiyo. Tena nilialikwa harusi ya saa 4 asubuhi, nikafika saa 4, nikakuta hema linasimikwa.
*Mwana Mpotevu, Annex*

Mwana Mpotevu, kile kibuyu kilisuguliwa kwa mkaa wa mti uliochaguliwa, kikajazwa, kikafunikwa, mama akakilinda siku baada ya siku akihesabu siku za ndege yako kutua. Wewe ukamtaka tarehe! Na kule Ufini ulikunywa piimä, maziwa ya kuchachuka vilevile, na hukumhoji mwenye duka hata mara moja. Nenda jikoni, mkabidhi mama kibuyu, omba akujazie, unywe mpaka chini macho yakiwa wazi. Maneno ya msamaha usiongeze, yataharibu ladha.

Kuhusu harusi, aliyefika saa 4 kamili amepewa kazi. Shika kamba ya hema. Bwana harusi atakukumbuka kuliko waliokuja saa 8 na blanketi.

Majibu mafupi

*Kwa Gizani, Tampere:* Kusema "mimi ni wa Burnt Forest, nimezoea baridi" hakuongezi joto hata digrii moja, na Burnt Forest jua huchomoza kila siku kwa wakati wake. Katikati ya Desemba huko mchana wote haufikishi muda wa saa 6. Meza vitamini D kama Wafini wenyewe, toka nje mwanga ukiwepo, na usijifungie na simu. Ukiona usingizi na huzuni vimekuzidi, nenda kliniki ya wanafunzi. Hakuna harambee itakayojua.

*Kwa Mwenye Hamu ya Mutura:* Fika soko la Tammelantori, uitishe mustamakkara. Ni utumbo uliojazwa damu na nafaka, mweusi, wa moto, na Tampere nzima wanaujivunia. Utaletewa na jamu ya matunda mekundu ya porini. Usibishe, kachumbari ya huko ndiyo hiyo.

*Kwa Mwenye Picha Nzuri, Helsinki:* Uliegemea gari la mtu, ukapigwa picha, ukaibandika WhatsApp. Hongera. Kamati ya harambee imeshaliona, na umeteuliwa mgeni wa heshima.

*Kwa wote wanaouliza kama waende:* Nendeni. Lakini karo ilipeni wenyewe, moja kwa moja kwa chuo, na risiti muifungashe kabla ya koti. Koti mtalipata hata Tampere, mitumba iko. Risiti haiuzwi popote.