Koti la Nyuki

Mjomba wangu ni mrina asali wa Sikonge, mwenye mizinga ya magome juu ya miti ya miombo. Nilipomwambia kwa simu kwamba huku Minnesota, ikifika Oktoba, nyuki huvishwa koti, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na soksi je, mpwa wangu?"

Nikamweleza kuwa ni gamba jeusi la kuzuia baridi, mzinga unafunikwa wote, linabaki tundu la mlango. "Sasa maua yakiisha si wahame tu?" Wa kwake huhama. Hawa wa huku, wenye asili ya Ulaya, hung'ang'ania nyumba hata nje kukiwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Wanashikamana, malkia katikati, wanatetemesha misuli ya kurukia mpaka joto lipatikane. Kuni zao ni asali, na kundi moja laweza kumaliza zaidi ya kilo 30 kabla maua hayajarudi.

Wangu walikuwa hawajafikisha, basi nikaenda kununua sukari. Keshia aliitazama ile mifuko kama polisi aliyenusa gongo. Sharubati yao ni sukari mbili kwa maji moja. Nusu walikunywa nyuki, nusu ikanywewa na sakafu ya jikoni, na kila aliyepita pale aliacha kandambili nyuma. Harufu ikawaita nyigu. Vazi la mfuga nyuki lina zipu kibao, na nyigu hana shida na zile zilizofungwa.

Panya naye hupenda nyumba yenye joto, kwa hiyo mlangoni hupigiliwa ukanda wa bati wenye matundu: nyuki anapita, panya hapiti. Hapiti kuingia, hapiti kutoka. Wangu alikuwa ndani. Kumtoa kulitukasirisha sote, ila wenye sindano walikuwa upande mmoja tu.

Na baridi yenyewe wala si adui mkubwa. Adui ni unyevu: pumzi yao hupanda, hukutana na mfuniko wa baridi, huwadondokea maji. Nyuki mkavu huvumilia mengi. Aliyelowa hafiki Machi. Ndiyo maana juu huwekwa ubao wa kufyonza maji.

Mke wangu hayo hayakumhusu. Kilichomvutia ni madume. Majani yakianza kupukutika, chakula huhesabiwa, na nyuki vibarua, wote majike, humkamata dume kwa bawa, wakamburuta hadi mlangoni na kumsukuma nje. Akirudi, anatolewa tena. Mke wangu alivuta kiti.

"Hawa wanaofukuzwa, ndani walikuwa wanafanya nini?"

"Wanakula."

"Wanakula tu, baba watoto?"

Jioni ile vyombo niliviosha mapema.